Kitabu cha Kikwembe cha Kijani

Vijana wangu, nimesikia mnataka kuvivua vitabu vyote vikwembe vyake, hivi vitambaa vya kitenge, na kuvivisha majalada ya plastiki yenye namba. Sina neno. Maktaba ni yenu sasa, na mimi nimeshaanza kuzoea kuamka bila funguo mfukoni. Naomba kimoja tu mkiache kilivyo. Kipo rafu ya tatu, karibu na lile dirisha lisilofungika vizuri, na kimevaa kikwembe cha kijani chenye majani mapana. Ni kitabu cha mapenzi kwenye rafu ya miti. Kipo mahali pasipo pake kwa sababu yangu, na siku nilipompa mtu kitabu hicho nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini kazini, kwa hiyo hamwezi kusema nilikuwa bado najifunza.

Mkuu wenu aliniomba niwaandikie jinsi ya kumchagulia msomaji kitabu. Nilijaribu kuandika kama somo, nikashindwa. Basi nitawaambia habari ya kitabu hicho, na mengine mtayaokota njiani.

Vikwembe vilianza na Mama Euphrasie, aliyekuwa mkuu wa maktaba nilipoajiriwa. Mnaujua unyevu wa mji huu. Jalada la karatasi halimalizi misimu miwili. Linavimba, linaota ukungu, halafu mchwa wanakuja kumalizia. Mama Euphrasie alipita kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Makiso, akaomba vipande vinavyobaki chini ya meza zao. Tukapika gundi ya unga wa mihogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa, tukatia tone la mafuta ya taa ili mende wasije karamuni. Ukiipika nzito, jalada linakakamaa na kupasuka mgongoni. Nawaambia hata kama nyinyi mtatumia gundi ya dukani.

Kisha akagawa rangi. Mapenzi, maua mekundu. Polisi na wezi, nyeusi yenye macho meupe. Miti, wanyama na kilimo, kijani. Dini, bluu. Afya, manjano. Historia, kahawia. Haukupita mwaka, watu wakaacha kabisa kuuliza vitabu kwa majina. Mwuza samaki anaingia, ndoo ameiacha mlangoni, ananiita Tonton, yaani mjomba: "Tonton Saidi, nipe ingine ya macho." Mwanafunzi wa udaktari anaomba manjano ya mifupa. Mimi mtoto wa Waungwana, Mwislamu ambaye babu zake walifika huku na misafara ya biashara, nilikuwa nikimpa padri kitabu cha bluu, naye ananiuliza kwa kunichokoza kama nimekisoma. Nilikuwa nimekisoma. Ilinibidi.

Ilinibidi kwa sababu Mama Euphrasie alikuwa na sheria mbili, na hakuwa mtu wa kurudia maneno. Ya kwanza: usimpe mtu kitabu ambacho wewe mwenyewe hujakisoma. Ya pili: mtu asitoke na kitabu kimoja. Anapewa alichoomba, na juu yake anapewa cha jirani, yaani cha rangi nyingine. Aliyeomba macho apewe pia kahawia, aliyeomba bluu apewe pia kijani. Jirani huyo lazima umtafute kwa akili, siyo kwa kufumba macho.

"Usimuulize mutu anapenda nini," aliniambia wiki ya kwanza. "Atakudanganya, juu hata yeye hajui. Muulize asubuhi alifanya nini."

Nilidhani ananitania. Siku hiyohiyo akaja fundi cherehani kuomba kitabu cha mitindo ya nguo, nikamuuliza asubuhi alifanya nini. Akasema alishinda akipigana na mchwa waliokula mguu wa meza ya mashine yake. Mama Euphrasie, bila kuinua kichwa, akanionyesha kwa kidole kitabu cha kijani juu ya maisha ya mchwa. Fundi alikirudisha baada ya siku nne. Akakaa kwenye benchi, utepe wa kupimia bado uko shingoni, akanieleza jinsi malkia wao anavyoishi gizani na jinsi vipofu wale wanavyojenga nyumba yenye madirisha ya hewa. Kitabu cha mitindo hakukifungua. Nilimtazama mtu mzima yule jinsi alivyoshangaa, na mimi nikashangaa pamoja naye, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii sitaiacha.

Siyo kwamba sikuharibu. Kuna bwana mmoja aliyekimbiwa na mkewe, nikampa cha maua mekundu nikidhani kitamliwaza. Alikirudisha kikiwa chembamba. Kila ukurasa ambamo watu wanabusiana alikuwa ameunyofoa. Mama Euphrasie aliniagiza nimpelekee nyumbani kwake kitabu cha kufuga kuku na nimwombe radhi, nikaenda, na miezi michache baadaye alituletea mayai.

Jambo jingine, na hili shikeni. Msomaji akirudisha kitabu, usimuulize kama amekimaliza. Atasema ndiyo. Tazama ukingo wa kurasa. Watu wetu wanasoma huku wanakula, na alama za mawese zinasimama palepale msomaji alipochoka. Nimejua mengi juu ya wakubwa wa mji huu kwa njia hiyo, wengine wakisifu sura ya mwisho na mawese yao yamekomea ukurasa wa kumi na mbili.

Lakini nakiri. Sheria ya pili niliitii kuliko ya kwanza. Vitabu vya maua mekundu sikuvisoma. Niliona haya, na moyoni niliona ni vya watu wasio na shughuli. Nilikuwa nasoma kurasa kumi za mwanzo na mbili za mwisho, kisha namwambia mama wa watu, "Hiki kitakuliza." Wengi walilia kweli, basi nikajiona fundi. Mama Euphrasie alifariki bila kunikamata, au labda alijua akaninyamazia.

Sasa nije kwa Papa Bosenge na Mama Masika. Kila Jumamosi walikuwa wanafika pamoja. Papa Bosenge alikuwa amefanya kazi miaka yote katika msitu wa Masako, akiwasaidia watafiti wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuzungusha kamba ya kupimia kwenye mashina, kifuani pa mtu mzima, na kugongelea vibati vya namba. Alikuwa anaweza kufumba macho, ukampa gome la mti alinuse, akakuambia ni mti gani. Mkewe Mama Masika ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, anauza maharagwe na unga kwa jumla hapa Makiso. Wakiingia tu, wanaachana. Papa anakwenda kijani, Mama anakwenda maua mekundu. Na wote wawili walikuwa wamenishinda kwa habari ya jirani.

"Tonton, miye niko mutu ya miti," Papa Bosenge alikuwa ananiambia. "Ile ya mapenzi, peleka kwa Mama."

Na Mama Masika, nikimpa cha miti: "Miti? Analeta miti ku nyumba kila jioni, ku viatu. Inatosha."

Walilala kitanda kimoja, wakazaa watoto watano, na hawakuwahi kusoma kitabu kimoja. Nilijaribu kila mbinu. Niliwahi hata kumwambia Papa Bosenge kwamba katika kitabu fulani wapenzi wanakutana chini ya mti mkubwa. Akaniuliza mti gani. Sikujua, akakirudisha mezani.

Mwaka mmoja, msimu wa mvua, Jumamosi zikapita bila wao. Mama Masika alipokuja tena alikuwa peke yake, na hakwenda kwenye rafu yake. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Papa iko," alisema, kabla sijauliza. "Damu ilimupanda mu kichwa. Mukono ya kuume haisogei, na kinywa imefunga. Docteur anasema anasikia yote. Lakini neno hata moja, hapana. Inapata miezi ine sasa."

Nikamwambia pole. Akaendelea, kwa sababu alikuwa ametayarisha maneno yake njiani.

"Docteur alisema nimusomee kila siku. Alisema maneno ikikawia sana, inaweza isirudi tena. Donc, nipe kitabu ya miti, Tonton. Nitamusomea hata yale majina ya Kilatini." Akafuta maji ya mvua mkononi. "Siombi mingi. Ku nyumba, ku soko, kila mutu ananiita Mama. Yeye tu ndiye alikuwa ananiita Masika. Nataka aite jina yangu mara moja. Ile tu."

Watu walikuwa wengi siku hiyo, dari ilikuwa inavuja juu ya historia, na nilikuwa nimeweka ndoo mbili. Nilikwenda rafu ya tatu nikavuta kitabu kinene cha kijani. Sikukifungua. Fiche yake, ile karatasi ya majina inayokaa kwenye mfuko wa nyuma, sikuitoa. Nilisema nitaandika baadaye. Nikampa, nikamwambia Papa atakifurahia, nikarudi kwenye ndoo zangu.

Wiki moja baadaye alirudi bila kitabu, uso wake una mwanga.

"Tonton Saidi, weye iko mutu ya akili."

Akajiegemeza mezani.

"Nilifungua nikaona hapana miti. Bwana moja anapanda baleinière, ile boti kubwa ya mbao, ku beach, bibi yake anasimama, hamupungii hata mukono. Nilitaka nifunge. Halafu nikasema, hapana, Tonton Saidi anajua kazi yake. Huyu ni jirani wake, amemuingiza sasa juu Papa hawezi kukatala." Akacheka. "Na Papa anatazama. Mbele nilikuwa ninamusomea gazeti ya paroisse, ile ya kanisa, anafunga macho. Sasa anatazama kinywa yangu mupaka nimalize."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilisema, "Asante, Mama. Endelea tu." Alipotoka nilibaki nimekaa, na kumbukumbu ikaja yenyewe. Miaka mingi nyuma, usiku wa Krismasi ukiwa unakaribia, nilikuwa nashona vitabu na kitambaa cha maua mekundu kikaniishia. Kikabaki kitabu kimoja. Nikakivisha kijani, kwa muda, mpaka mafundi wafungue baada ya sikukuu. Sikukibadilisha. Mtu mwingine akakipanga kwa kufuata kikwembe chake, na kikazeekea kwenye miti. Maneno mawili mabaya kuliko yote maktabani ni "kwa muda" na "baadaye", na mimi niliyatumia yote mawili kwa kitabu kimoja.

Halafu nikakumbuka jambo baya zaidi. Nilipokishona, mchwa walikuwa wameshakula kurasa za mwisho. Nilishona zilizobaki. Kitabu kile hakikuwa na mwisho. Kilikatika palepale mtu anapokaza macho. Mama Masika alikuwa anasoma kwenda kwenye shimo, na aliyemwelekeza huko ni mimi. Nilikuwa na siku za kutosha kwenda kwao kumwambia. Nilipita hata karibu na duka lake mara mbili. Niliogopa kumvunja moyo, na niliogopa kupoteza ile heshima aliyonipa. Sikwenda.

Asubuhi moja ya katikati ya wiki toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ikasimama mlangoni, ikamshusha Mama Masika. Alikuwa amefunga kikwembe cha dukani chenye unga, na viatu vyake havikufanana. Akaweka kitabu mezani.

"Ameongea," alisema.

Nikasimama.

"Nilikuwa ninamusomea nyuma ya kunywa uji. Tulifika pale bibi anasikia mutu ku baraza, anainua taa. Nikageuza karatasi, hapana kitu. Ni kikwembe tu. Nikanyamaza. Papa akanitazama. Nikamutazama." Akagonga kitabu kwa kidole. "Akasema: Halafu?"

"Alisema nini?"

"Halafu. Namna hiyo tu. Halafu?"

Vijana, nywele za mikono yangu zilisimama. Nilikuwa nimewaona watu wakicheka na kulia juu ya vitabu, nimewaona wakigombana mpaka polisi waje. Lakini sikuwahi kuona neno likimrudia mtu kwa sababu ukurasa umekosekana. Daktari alikuwa amehangaika naye, watoto wamemwita, paroko amemwombea, na kilichomfungua kinywa ni kutaka kujua nani yuko barazani.

"Sasa niambie mwisho," alisema Mama Masika. "Iko ananingojea."

"Sijui mwisho, Mama."

"Namna gani haujui? Ni weye ulichagua."

Nikamwambia yote. Kikwembe kilichoisha, mchwa, ndoo, fiche ambayo sikuitoa, na kwamba kitabu hicho sijakisoma hata siku moja. Nilisema huku natazama meza. Alikaa kwenye benchi, lile lile la yule fundi cherehani.

"Kwa hiyo haikuwa weye ulijua," alisema.

"Haikuwa mimi."

"Alors nani?"

Nikakivuta kitabu kwangu. Swali hilo bado ninalo mpaka leo ninapoandika. Mama Masika akainuka, akakung'uta unga. "Bon. Kosa yako imemuongelesha bwana yangu. Sasa utafute mwisho."

Nikatoa ile fiche kwenye mfuko wake. Unyevu ulikuwa umekula majina mengi, lakini matatu yalisomeka, ya watu waliokiazima kabla ya mchwa. La kwanza, kwa mwandiko uliosimama wima, lilikuwa la Mama Euphrasie. Nilikaa nikiutazama mwandiko ule. Mwanamke aliyekuwa akisoma vitabu vya sheria na vya nyota, kitabu hiki pia alikichukua nyumbani, akajiandika kama msomaji mwingine yeyote, ili aweze kumpa mtu bila kusema uongo. Yeye ndiye angeniambia mwisho, na alikuwa kaburini. La pili lilikuwa la ajida mmoja, mwanajeshi wa kambi ya Kapalata. La tatu la Dieudo, mwendesha toleka ambaye kila mtu wa bandarini anamjua.

Nikaenda Kapalata. Nilimkuta ajida amekaa na wenzake, nikafanya kosa la kueleza shida yangu mbele yao.

"Kitabu ya mapenzi?" akasema. "Miye?"

Wenzake wakacheka sana. Akainuka kwa hasira, akanisindikiza mpaka nyuma ya migomba, akatazama huku na huku.

"Iko bado, ile kitabu?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Kisha akanieleza. Yule mke anafungua mlango, na aliyesimama siyo mumewe. Ni mjumbe, ameshika kofia yake. Baleinière ilizama. Ajida aliniambia hayo na macho yake yakalowa, akasema ni moshi wa jikoni.

Dieudo nilimkuta bandarini anajaza upepo kwenye gurudumu. Hakuhitaji kukumbushwa. "Lakini ni yeye, Tonton. Alirudi na vikwembe sita na cherehani. Wanafanya fête, ngoma inalala inapigwa. Nilisoma mara mbili, wateja wanapiga kelele miye nasoma tu."

Nikamwambia ajida anasema amekufa. Dieudo akaacha pampu. Alisema ajida huyo aletwe.

Basi nikawaleta wote wawili nyumbani kwa Papa Bosenge, Jumapili alasiri. Mama Masika alikuwa ametwanga lituma ya ndizi na kupika samaki. Papa alikuwa kwenye kiti cha mikono, amekonda, mkono wa kulia umelala pajani. Tangu lile neno moja alikuwa hajaongeza la pili. Nilimsalimu, nikamwomba radhi mbele ya wote kwa kumpa kitabu bila kukisoma na bila mwisho. Alinitazama tu. Mama Masika akasoma tena ukurasa wa mwisho uliobaki, mpaka pale taa inapoinuliwa, akakifunga.

Ajida akasimama kutoa habari kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake, mikono imenyooka. Alipofika kwenye kofia, Dieudo akamkata.

"Kofia gani? Haikukuwa kofia. Ilikuwa cherehani."

"Miye nilisoma kofia."

"Ulisoma ukiwa unaogopa kapteni akukamate, ndio juu unachanganya."

"Na weye ulisoma ukiwa unapiga pédale."

Waliendelea hivyo, kila mmoja anaapa. Papa Bosenge alikuwa anageuza macho kwa huyu, anageuza kwa yule. Nilianza kuona haya. Nilidhani nimemletea mgonjwa kelele. Ndipo mkono wake wa kushoto ukagonga mbao ya kiti.

"Hapana," alisema.

Sote tukamgeukia.

"Uongo," alisema. "Bote," yaani wote wawili.

Mama Masika alikuwa amesimama na sahani mkononi. Hakuna aliyethubutu kusogea. Papa Bosenge alivuta pumzi, akaanza kutoa maneno moja moja, na kati ya neno na neno tulikaa kama watu wanaongojea ndoo ipande kutoka kisimani, hawajui kama itafika na maji.

"Ni yeye," alisema. "Amerudi. Mvua. Mulango wazi."

"Na bibi yake?" Dieudo aliuliza, kwa sauti ndogo kabisa.

"Hakumusikia."

"Juu ya nini?"

"Iko... anasoma."

Ajida, aliyekuwa amesahau kofia yake, akasogeza kiti mbele. "Halafu?" aliuliza.

"Akamuita."

"Alimuita namna gani?"

Papa Bosenge hakumtazama ajida. Midomo yake ilihangaika, ikajaribu, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Masika," alisema.

Nilimwona Dieudo anafungua kinywa kusema kwamba mwanamke wa kitabuni haitwi hivyo. Ajida akamkanyaga kwa kiatu cha jeshi. Mama Masika akaweka sahani chini, pale pale sakafuni, akajifuta mikono kwenye kikwembe.

"Niko," aliitikia.

Sitawadanganya kwamba Papa Bosenge alipona. Maneno yake mengi hayajarudi, na yaliyorudi yanachechemea. Lakini Jumamosi Dieudo anamleta kwenye toleka yake, taratibu, na Mama Masika anafuata nyuma. Sasa Papa anaomba maua mekundu. Mama anachukua kijani, analalamika juu ya Kilatini, anachukua hivyo hivyo. Wanasomeana. Kwenye ukingo wa kurasa wanazorudisha naona alama za mawese za mikono miwili, za kwake kubwa na za mkewe ndogo, na zinafika mpaka mwisho.

Baada ya ile Jumapili nilimpa Papa Bosenge karatasi moja. Alichukua wiki tatu kuandika mwisho wake kwa mkono wa kushoto, mistari minne, herufi zimelala kila upande. Niliishona ndani ya kitabu kwa uzi na sindano, siyo gundi. Ndiyo maana nawaomba msikivue kikwembe chake. Mkikivua, mshono utafunguka.

Na siku ile ile niliyoishona, nilikipeleka kitabu nyumbani nikakisoma kutoka mstari wa kwanza. Mke wangu alinikuta nalia, akaniuliza kama ni habari mbaya. Ni kitabu kizuri sana, vijana. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa navipita vitabu kama hiki na kiburi changu, nikiwaambia watu vitawaliza.

Kisha nikatoa fiche nikaandika jina langu chini ya Mama Euphrasie, ajida na Dieudo. Nimestaafu, na sijui nani kati yenu atakayekaa kwenye meza ile siku mtu atakapokuja na mvua mkononi kuomba kitu kimoja tu. Mstari unaofuata bado ni mtupu. Kisome kwanza, andika jina lako, ndipo umpe.